Blender kwa mtoto wa fundi wa milango: miezi minane na laptop ya zamani

Baba yangu ni sudere, fundi wa kuchomelea vyuma. Atelie yake, yaani karakana, iko Katuba, hapa Lubumbashi, na tangu nilipopata akili nimemwona akimchorea mteja mlango wa lupango, yaani geti la uani, kwa chaki, chini kwenye saruji. Anapiga goti, anavuta mistari kwa kufuata tubu (bomba la chuma) iliyonyooka, maua ya juu anayachora kwa mkono mtupu, kisha anainuka: "Papa, njo hivi." Mteja anaitikia kwa kichwa, avansi, malipo ya kutangulia, inatolewa, kazi inaanza.

Mwaka jana mteja mmoja aliitikia hivyohivyo, na mlango ulipofikishwa kwake akaukataa. Maua si yale, alisema. Aliyoyaona yeye kichwani yalikuwa mengine, na chaki ilikuwa imekwisha kufutwa na viatu vyetu, hapakuwa na cha kurejea. Baba aliyakata maua yote kwa diski, akakunja mapya, akanunua fito nyingine kwa pesa ya nyumbani. Mimi ndiye ninayeandika devi, makisio ya bei, na kushika daftari la atelie. Hasara ile niliiandika kwa mkono wangu, na wiki hiyohiyo nikaanza kutafuta njia ya mteja kuuona mlango wake kabla chuma hakijakatwa.

Nilichokipata ni Blender, programu ya kuunda maumbo ya 3D. Nimekaa nayo miezi minane, karibu kila jioni umeme ukiwepo. Naandika haya nikimfikiria mtu wa hali kama yangu: hajasomea kompyuta, laptop yake ni ya mkono wa pili, mega za intaneti anazihesabu, lakini ana kazi ya mikono inayohitaji kuonekana kabla ya kufanywa. Awe seremala, mjenzi, mshonaji wa viti vya sebuleni, yeyote.

Ni ya bure, na ubure wake ni wa halali. Nalitanguliza hili kwa sababu mjini kwetu programu nyingi za kuchora zinauzwa vibandani kwa dola chache, zimevunjwa kufuli, na pamoja nazo unabeba virusi hadi nyumbani. Blender haina kufuli la kuvunja. Ilianzishwa na Mholanzi Ton Roosendaal miaka ya 1990. Kampuni iliyokuwa ikiiuza ilipofungwa mwaka 2002, watumiaji wenyewe walichanga euro 100,000 ndani ya wiki saba ili ikombolewe, na Oktoba mwaka huohuo ikaachiwa umma chini ya leseni ya GNU GPL. Tangu hapo kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuinakili, kumgawia jirani, hata kuifanyia biashara. Mimi nimelelewa na mama wa likelemba, mchango wa kupeana kwa zamu, na habari hiyo ilinigusa sana: watu wasiojuana walitoa kila mmoja kidogo chake, na leo mtu wa Katuba anachora milango bila kudaiwa. Nikimwekea kijana wa atelie nakala kwenye kle yake ya USB, sijamwibia mtu.

Jambo la pili lililonifunga kwayo ni kwamba haikuombi intaneti. Ukishaipakua, imekwisha. Hakuna akaunti, hakuna neno la siri, hakuna kuambiwa uingie tena kila mwezi. Nilijaribu pia zile za kuchorea ndani ya kivinjari. Tinkercad ni nyepesi na mtoto wa shule ataifurahia, SketchUp ya bure nayo ina sifa zake kwa nyumba, lakini zote mbili mtandao ukilegea unakaa mikono kifuani. Kwangu hilo lilitosha kuziacha.

Sasa mashine, kwa sababu hapa ndipo wengi wanakata tamaa siku ya kwanza. Laptop yangu ni Core i5 ya kizazi cha 3, RAM giga 8, bila kadi ya picha ya pekee. Kazi hiyo inafanywa na Intel HD Graphics 4000 iliyomo ndani. Nilipakua toleo jipya la Blender, nikabofya, ikakataa kufunguka. Nilidhani laptop imeharibika. Sababu yake ni hii: kuanzia toleo 4.0 Blender inadai OpenGL 4.3 (OpenGL ni lugha ambayo programu inaitumia kuzungumza na kadi ya picha), na kadi yangu inaishia OpenGL 4.0. Kwenye tovuti yao matoleo ya zamani yote yamehifadhiwa, basi nikachukua 3.6, lililotoka Juni 2023, nalo kwangu linafanya kazi. Ni karibu mega 300. Chukua faili la zip: unalifungua kwenye folda yoyote na kuanza, halihitaji kusakinishwa, na unaweza kulibeba kwenye kle. Kwa mtu anayejifunza, 3.6 halikupungukii kitu.

Nunua kipanya chenye gurudumu. Usijaribu kuokoa pesa hapo. Blender inazungusha mandhari kwa kubonyeza gurudumu lenyewe, na kwa kidole juu ya laptop utachoka kabla hujajifunza lolote. Upo mpangilio wa kutumia Alt badala ya gurudumu, niliutumia wiki mbili, mkono ukaniuma. Kipanya cha dola 5 kilibadilisha kila kitu.

Kuhusu lugha: menyu zinaweza kuwekwa kwa Kifaransa, na mimi nilianza hivyo kwa kuwa Kifaransa ndicho nilichosomea. Baadaye nilirudisha Kiingereza, kwani masomo mengi ya video yanataja vitufe kwa Kiingereza, na nilikuwa nikitafuta neno ambalo kwangu lilikuwa limeandikwa vingine. Ukweli ni kwamba maneno ya lazima hayafiki thelathini. Na njia za mkato za kibodi zinabaki zilezile: G kusogeza, R kuzungusha, S kukuza au kupunguza, E kuchomoza uso mpya, Tab kuingia ndani ya umbo na kutoka. Nilizibandika kwenye karatasi ukutani, kando ya ratiba ya maji. Kitabu cha maelekezo cha Blender nacho kinapakuliwa kizima ukakisoma bila mtandao. Nilikichukua siku moja nikiwa kwa binamu mwenye intaneti nzuri, na kimenifaa kuliko video yoyote.

Wanaoanza duniani kote huelekezwa kwenye masomo ya video ya kuchora donati ya Mwaustralia Andrew Price. Ni mazuri, anaeleza kwa upole, na nilifuata sehemu za mwanzo. Lakini kwangu donati haikushika. Sikujua ukubwa wake, sikujua lini nimekosea, nilikuwa nakopi mkono wa mtu mwingine tu. Somo likiisha nilifungua ukurasa mtupu, nikaliona lile boksi la kijivu ambalo Blender hukupa kila unapoanza, na sikujua la kufanya nalo.

Kilichonifungua ni msalaba wa shaba ulioning'inia ukutani kwetu, mmoja wa ile ambayo mafundi wa shaba hapa mjini huitengeneza kwa kuiga croisette ya Katanga, ile shaba ya kumimina iliyokuwa fedha ya wazee kabla ya ukoloni. Niliushusha, nikachukua metre ya baba, ile tepu ya kupimia, nikaupima: sentimita 20 toka ncha hadi ncha, unene sentimita 1.5, mikono inapanuka kuelekea mwisho. Nikalichukua lile boksi, nikalibana likawa bapa, nikachagua nyuso nne za pembeni na kuzichomoza moja moja, ncha nikazipanua kwa S, kingo nikazilainisha kwa Ctrl na B. Ilinichukua jioni mbili. Lakini kwa mara ya kwanza nilijua nimekosea wapi, kwa sababu kitu chenyewe kilikuwa mkononi mwangu, chenye uzito na ubaridi wake. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huo: anza na kitu unachoweza kukipima kwa metre, na ukijue kwa kukishika.

Kutoka hapo nilienda moja kwa moja kwenye mlango wa lupango, na hapa niruhusiwe kueleza kwa kirefu.

Nafasi kati ya nguzo ilikuwa mita 3.65. Mabawa mawili ya mita 1.80 kila moja, milimita 10 za kupumulia katikati, na 20 kila upande kwa ajili ya bawaba. Urefu wa kusimama mita 2.20. Fremu ya tubu ya milimita 40 kwa 40, chini toli (bati la chuma) ya sentimita 80, juu yake tubu nyingine ya kulala, kisha fito za 20 kwa 20 zilizosimama. Vipimo hivyo baba anavijua kichwani. Blender inafanya kazi kwa mita tangu mwanzo, na boksi lake la kwanza lina mita 2 kila upande, kwa hiyo hukuhitaji kuigeuza kitu. Ukibonyeza N, pembeni inafunguka sehemu ya kuandikia vipimo. Andika nukta, usiandike mkato kama tulivyofundishwa shuleni: 1.80.

Nilichora bawa moja tu. La pili lilitoka lenyewe kwa modifaya (amri unayoliwekea umbo) ya Mirror, inayoakisi umbo upande wa pili kama kioo. Niliweka ukingo wa bawa milimita 5 kutoka katikati, na pengo likawa 10. Fito nazo nilichora moja, nikairudufisha kwa modifaya ya Array. Ndani ya fremu kuna mita 1.72. Baba anapenda fito 13. Fito 13 zinakula sentimita 26, inabaki mita 1.46 ya kugawanywa kwa nafasi 14. Hesabu hiyo sikuifanyia kwenye simu: sehemu za namba za Blender zinakubali uandike hesabu yenyewe, nikaandika 1.46/14+0.02, nikabonyeza Enter, fito zote zikajipanga. Nilimwita baba. Alisimama nyuma yangu na mafuta mikononi, akaangalia, akaniambia: "Mama, punguza moja tuone." Nikaandika 12, nikarekebisha nafasi, akaona. "Rudisha." Kwenye chaki angefuta upande mzima.

Na kumbe hesabu ya chuma imo humohumo. Kila fito ina mita 1.28, ziko 26 kwa mabawa mawili. Tubu inauzwa ya mita 6, inatoa fito nne na kubakiza sentimita 88. Basi ni tubu 7. Baba kwa mazoea angeandika 8. Blender haikupi orodha ya kukata chuma, hilo lazima ujifanyie mwenyewe, lakini ikiwa umechora kwa vipimo vya kweli, kuhesabu kunakuwa kitu cha dakika tano.

Makosa yaliyonipotezea muda, nayataja ili usiyarudie. La kwanza: ukibadilisha vipimo kwa kuandika namba hukohuko nje ya umbo, kabla ya kubonyeza Tab, Blender inakumbuka kwamba umbo limenyooshwa, na baadaye ukitaka kulainisha kona, upande mmoja unalainika sana na mwingine kidogo. Dawa yake ni Ctrl na A, kisha Scale, kabla ya kuendelea. Nilikaa siku tatu na kona zilizopinda bila kujua hilo. La pili: ukibonyeza E halafu ukaghairi kwa kubofya kulia, uso mpya tayari umezaliwa, umelala juu ya ule wa zamani na huuoni. Unakuja kugundua mwanga ukionyesha madoa meusi. Chagua vyote, M, kisha chagua kuunganisha kwa umbali, na pointi zilizorundikana zinakuwa moja. La tatu ni la maua. Yale mapindo ya juu nilichora kwa mstari wa Bezier, ambao unauvuta kwa mikono miwili na kuupinda utakavyo, kisha unaupa unene. Chuma chetu cha duara ni milimita 12, nikaandika 0.012, na maua yakatoka manene kama mpini wa jembe. Unene ule unahesabiwa kutoka katikati hadi nje, si kutoka upande hadi upande. Ni 0.006.

Rangi: chuma kilichopakwa rangi si chuma tena machoni. Nilikuwa naweka thamani ya Metallic kuwa 1 na mlango unang'aa kama sufuria. Kwa rangi ya mafuta iweke 0, na ukali wa mng'ao uupunguze kwa kuongeza Roughness. Ni chuma kitupu au shaba tu inayostahili 1.

Kutoa picha ya mwisho kuna injini mbili. Cycles inafuata mwanga unavyosafiri kwa kweli, picha yake inapendeza sana, na kwenye laptop yangu ilichukua dakika 40 kwa picha moja. Eevee inakisia mwanga, kivuli chake si kizuri hivyo, lakini picha inatoka kabla hujaamka kwenye kiti. Mteja wa Katuba anataka kujua maua yako wapi na fito ni ngapi. Natumia Eevee, namtumia kwa WhatsApp.

Kuhusu umeme, kwa sababu betri ya laptop yangu imekufa na mkato mmoja unaizima papo hapo. Blender inajihifadhia nakala yenyewe kila baada ya dakika 2, na ukiwasha tena unaikuta kwenye menyu ya faili, mahali pa kurejesha. Na kila unapohifadhi kwa mkono, faili lililotangulia halifutwi, linabaki kando likiwa na mwisho wa .blend1, ukiifuta ile namba 1 linafunguka kama kawaida. Vitu hivi viwili vimeniokoa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Ila havikuokoi ukiwa umo katikati ya kutoa picha kwa Cycles. Hapo unaanza upya.

Mahali inapopungua, niseme wazi. Blender si programu ya michoro ya kiufundi. Ukitaka karatasi yenye mishale na vipimo ya kumpa mjenzi au mhandisi, itakutesa. FreeCAD, ambayo nayo ni ya bure na haihitaji mtandao, ndiyo ya kazi hiyo: ukibadilisha kipimo kimoja, vinavyokitegemea vinafuata. Nimeanza kuigusa. Kwa muonekano haifikii Blender, na kwa anayeanza ni kavu zaidi, lakini kama kazi yako ni vipuri vya mashine vinavyotakiwa kuingiana bila kosa la milimita, anzia huko. Pia Blender ina vitufe vingi mno kwa macho ya mgeni. Inatengeneza filamu nzima za katuni, na vitufe vya hiyo kazi yote viko mbele yako siku ya kwanza. Mwezi wa kwanza ni mgumu na hakuna njia ya kuuruka. Mimi nilijiwekea kazi moja kwa jioni moja, si zaidi: leo bawaba, kesho kitasa.

Mteja wa kwanza kuonyeshwa picha alikuwa mama mmoja wa Kampemba. Alikaa kwenye benchi la atelie, akaishika simu yangu, akakuza kwa vidole. "Ile maua ya juu, toa. Weka mishale, kama ya jirani." Nilirudi ndani, dakika kumi, nikampelekea nyingine. Alimtazama baba, akafungua mkoba. Mlango uliposimamishwa kwake niliupiga picha, na jioni nikaziweka mbili pamoja kwenye skrini. Tofauti ilikuwa kitasa tu, maana alinunua kingine sokoni.

Kwa sasa baba amepata kazi ya ngazi ya mzunguko, nyumba ya ghorofa moja kule mtaa wa Golf. Kupanda mita 2.88, vidato 16 vya sentimita 18 kila kimoja, mzunguko mmoja kamili. Nimechora kidato kimoja cha toli yenye milia, nikaweka kando kitu kitupu kisichoonekana kwenye picha, nimekizungusha nyuzi 22.5 na kukiinua sentimita 18, na Array nimeiambia ikifuate. Vidato vimepanda vyenyewe kuzunguka nguzo. Kinachonishinda bado ni mkono wa kushikia: unajikunja vibaya kwenye kidato cha juu, pale unapokutana na sakafu. Mwenye nyumba anakuja Jumamosi kuiona, na nina jioni tatu.